Msimu Nilioitwa Wafula

Mwanangu Damari,

Umetoka kwenda kusukwa nywele na kuwaaga wenzako, na nyumba imenyamaza vile nadhani itakavyonyamaza kuanzia kesho. Nimewasha redio nikaizima. Nimefagia ua uliokwisha kufagiwa. Mwishowe nimeketi mezani na kalamu, kwa sababu kuna swali lako ambalo sijalijibu, na basi la Mwanza halitaningoja nipate la kusema.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala kushika mkoba vizuri njiani. Hayo mama yako alikufundisha ungali mdogo, na angekuwepo leo angeyarudia mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu.

Jumapili ile tulipotoka kula chakula cha mchana kwa kina Ronald, hukusema neno njia nzima mpaka tukafika hapa Kyebando. Sauti ya shangazi yake Ronald ilikuwa bado masikioni mwangu. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua chai yako iwekwe sukari kiasi gani: "Sasa mzee, nyinyi muziro wenu ni upi?" Hapa Buganda kila mtu ana muziro wake, yule mnyama au mmea ambao watu wa ukoo wake hawali, na ukishautaja watu wanajua wakukalishe wapi. Nikamwambia sina. Akauliza, basi jina la ukoo ni lipi. Nikasema Soko.

"Soko?" akasema. "Yaani katale? Sokoni kabisa?"

Kijana mmoja akacheka, halafu wote wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye adabu. Ronald aliangalia viatu vyake. Tukaambiwa familia itakaa izungumze habari ya ndoa yenu, na mpaka leo simu haijalia.

Ulisimama hapo mlangoni, funguo mkononi, ukaniambia, "Baba, miaka yote hii. Kwa nini hukujitafutia ukoo? Watu wanatafuta, wanapokelewa. Mimi umenizaa hewani." Kisha ukaingia chumbani. Tangu siku hiyo unanisalimu na kunipakulia chakula, lakini hunisemeshi.

Basi jibu langu ni hili. Niliwahi kuwa na ukoo, Damari. Nilikuwa nao kwa msimu mmoja wa mahindi, na jina langu lilikuwa Wafula.

Mwanzo wa habari unaujua. Nilipatikana sokoni, pale mpakani, upande wa Kenya, nikiwa mtoto wa miaka mitatu hivi. Nilikuwa nimejikunyata chini ya meza ya mwanamke anayeuza dagaa, wala sikujua kusema naitwa nani. Wakanipeleka kwenye nyumba ya kulelea watoto. Mlezi wetu akanipa jina la Zakaria. Askari aliyekuja kuandika habari zangu akataka na jina la pili, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nalo, akaandika mahali nilipookotwa. Tulikuwa watoto wa kila kabila na wa pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo tulilelewa kwa Kiswahili. Wenzangu hapa Kampala wanaponiuliza mbona nasema Kiswahili kama mtu aliyezaliwa nacho, sijui niwaambie nini. Wao wana lugha ya mama. Mimi nina lugha ya bweni.

Biblia nayo niliipatia huko, na niliipata vibaya. Asubuhi kila mtoto alisimama na mstari wake alioukariri. Aliyeusahau alipewa uji wa mwisho, umeshapoa na kufanya ngozi juu. Nilikua nikiijua Biblia kama mtu anavyomjua askari wa geti: unajua akupishe vipi, lakini hamjawahi kukaa mkazungumza. Nilipotoka pale nikiwa kijana, sikubeba Biblia hata moja.

Nikajifunza ufundi wa friji, nikaja Kampala. Kazi yangu nyingi ilikuwa kwenye mabaa ya Kabalagala, tena mchana, wakati viti vimepinduliwa juu ya meza na sakafu inanuka bia ya jana. Siku moja nilikuwa kwenye mkahawa mmoja, nimepiga magoti nyuma ya friji, nikasikia mtu ananitazama. Unajua jinsi mtu anavyosikia kutazamwa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Bungoma, anaitwa Barasa, anakula chakula chake.

"Wewe," akasema, "si ni Wafula? Mtoto wa Mama Nasambu?"

"Mimi naitwa Zakaria."

"Hilo ulipewa. Uso huo ni wa kwao. Ulipotea wapi?"

Sijui kwa nini nilimjibu. Nikasema, "Sokoni. Kule mpakani."

Akaweka kijiko chini. Akaniambia kuna mwanamke kwao aliyekwenda soko hilohilo zamani na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, akageuka kupimiwa kitambaa, akageuka tena mtoto hayupo. Aliponiambia hivyo mikono yangu ilikuwa na grisi mpaka viwiko, na niliitazama kana kwamba ni mikono ya mtu mwingine.

Nilikwenda. Nani asingekwenda? Mama Nasambu alikuwa mjane, macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Alitoka nyumbani akipapasa ukuta, akaushika uso wangu kwa mikono miwili, akaupitia kuanzia paji mpaka kidevu. Halafu akasema, "Umechelewa."

Basi. Neno moja. Mwanangu, mimi sikuwa nimewahi kuchelewa popote, maana hakuna mahali nilipokuwa nikingojwa. Nililia pale uani kama mtoto.

Wakachinja. Wajomba wakaja, mashangazi wakaja, wakanishika masikio, wakasema ni ya babu. Nikapewa sehemu ya kujenga. Mzee mmoja akanikalisha akanifundisha majina ya mababu, mmoja baada ya mwingine, nami nikayakariri jinsi nilivyokuwa nikikariri mistari ya uji. Nilijifunza kusalimu kama wao na kucheka kama wao. Mtu akiniuliza, "Unakumbuka yule ng'ombe mweupe?" nilijibu, "Kidogo." Sikukumbuka ng'ombe yeyote. Lakini niliona jinsi uso wa Mama unavyong'aa nikisema "kidogo," na nikaanza kukumbuka zaidi na zaidi. Hapo ndipo nilipokosea. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Nilitaka kupendwa, na nikaona anayependwa ni Wafula, basi nikawa namlisha Wafula kila siku, na Zakaria nikamwacha akae na njaa.

Jioni, kabla giza halijaingia, Mama alikuwa ananiita kibarazani nimsomee Biblia. Alipenda kitabu cha nabii Isaya, kwa kuwa kilisomwa siku waliyomzika mume wake. Mimi nilisoma haraka haraka, kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya kompresa ya friji.

"Polepole," alikuwa akisema. "Mimi si mwalimu wako."

Nikapunguza mwendo. Lakini nitakuambia kweli, sikuwa nasikiliza ninachosoma. Nilikuwa natazama uso wake ukisikiliza sauti yangu. Hilo lilinitosha.

Jioni moja tukafika mahali ambapo Mungu anauliza swali. Anauliza kama inawezekana mwanamke amsahau mtoto anayemnyonyesha, asimwonee huruma aliyemzaa mwenyewe. Nilipomaliza swali, Mama akainua mkono.

"Funga hapo," akasema. "Jibu nalijua. Hawezi. Mimi sikukusahau hata siku moja."

Nikafunga kitabu. Akaweka mkono wake juu ya goti langu, tukakaa hivyo tukisikiliza watu wakirudisha ng'ombe. Kabla hujazaliwa wewe, sikuwahi kuwa na jioni nzuri kuliko hiyo.

Kesho yake asubuhi ikaja gari. Akashuka mwanamume wa umri wangu, amevaa koti zuri, na pamoja naye mzee wa kanisa kutoka Tororo. Yule mwanamume alikuwa amelelewa huko na mume na mke wasio na watoto. Baba aliyemlea alipokaribia kufa ndipo alipomwambia: wewe hatukukuzaa, tulikuchukua sokoni mpakani. Akauliza huku na huko mpaka akaelekezwa hapo. Hakusema mengi. Alipiga magoti mbele ya Mama, akapandisha shati lake, akauchukua mkono wake akauweka chini ya mbavu. Palikuwa na kovu kubwa la kuungua. Baadaye nilisikia wakisema ni uji uliommwagikia akiwa anatambaa.

Mama alilipapasa lile kovu, halafu akatoa sauti. Siwezi kukuandikia ile sauti. Mimi aliniambia nimechelewa. Huyu hakumwambia neno, ila sauti ile. Na mimi niliposikia nilijua, hata kabla mtu hajanieleza, kwamba hiyo ndiyo sauti ya mama, na kwamba mimi sikuwahi kuitwa kwa sauti hiyo.

Nilikuwa nimesimama uani na beseni la maji. Watu walikimbia kutoka kila upande, wengine wakiimba, wengine wakianguka chini. Wakanipita huku na huku. Mwanamke mmoja akaniwekea sufuria juu ya beseni akasema, "Peleka jikoni," kama anavyoambiwa kibarua. Nikapeleka. Wakala, nami nikala. Nilikaa mahali ambapo Mama, akigeuka kidogo tu, angenisikia nikikohoa. Nikakohoa. Nikangoja ageuke. Alikuwa ameshika mkono wa mwanawe kwa mikono yake yote miwili, anacheka na kulia, na hakugeuka.

Alasiri nikachukua mfuko wangu nikaelekea barabarani. Hakuna aliyenifukuza, Damari. Nilitamani sana mtu anifukuze. Anayefukuzwa ameonekana.

Nikarudi kwenye friji zangu. Miezi ikapita, sikumbuki mingapi, maana yote ilikuwa siku moja. Nilifanya kazi, nilirudi chumbani, nilikula nimesimama. Kuna wakati nilijikuta nimebaki nyuma ya friji nzima, isiyo na kasoro, kwa sababu tu inanguruma na ule mngurumo ulikuwa kama mtu.

Halafu siku moja nilipita mjini, karibu na stendi ya teksi, nikaona mtu ametandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia, na kati yake Biblia ya Kiswahili isiyo na jalada. Nikainunua. Usifikiri ni toba. Ilikuwa hasira. Nilitaka nione ile sentensi ilivyoendelea baada ya Mama kuinua mkono. Nilitaka nilisome lile jibu, "hawezi," kwa macho yangu, niitupe Biblia hapo hapo kwenye mtaro, tusijuane tena.

Nikasoma nimesimama, boda zinanipigia honi. Na jibu halikuwa "hawezi." Mungu anasema, naam, hata hao wanaweza kusahau.

Nilirudia mara nyingi. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa kwamba mama hawezi kumsahau mwanawe. Walimu walisema, wahubiri walisema. Na mtoto aliyeokotwa akiambiwa hivyo, anapiga hesabu yake mwenyewe kimyakimya: ikiwa mama hawezi kusahau, basi mimi sikusahauliwa, nilitupwa, na anayetupwa ana kasoro. Niliibeba hesabu hiyo toka bwenini mpaka Kabalagala, toka Kabalagala mpaka Bungoma na kurudi. Na hapa, katika kitabu nilichokiogopa, kulikuwa na mmoja ambaye hakunidanganya. Alikiri kwanza. Mama anaweza kusahau, linatokea, limekutokea. Ndipo akasema kwamba yeye hatanisahau, na kwamba amenichora kwenye viganja vya mikono yake.

Nikaketi kwenye ukingo wa barabara. Yule mwuza vitabu akaniuliza kama ni mgonjwa.

Sikuona nuru wala sikusikia malaika. Nilirudi chumbani kulekule, kwenye upweke uleule. Ila nilianza kusoma. Niliendelea kutoka pale tulipoishia, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumsomea, nilijisomea kwa sauti, polepole, kama nilivyofundishwa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza. Nilibishana sana humo. Kuna kurasa nilizofunga kwa hasira nikakaa wiki. Kuna nabii mmoja, Hosea, aliyeambiwa ampe mwanawe jina lenye maana kwamba "si wa kwangu." Nikasema, ala, huyu ni mimi, mtoto aliyeandikishwa jina la aibu. Wakati huo nilikuwa nimeshaamua kubadilisha jina la Soko, nimeshachagua jingine zuri. Lakini nikasoma mbele, nikaona Mungu anasema kwamba mahali palepale walipoambiwa si wake, hapohapo ndipo watakapoitwa watoto wake. Hakusema wahame kwanza. Hapohapo. Nikaliacha jina langu lilivyo.

Usidhani basi nikawa mtu kamili. Mama yako alikuwa mpishi kwenye ule mkahawa wa Kabalagala, na alikuwa ananikuta mchana nimekaa na kitabu. "Wewe Zakalia," alikuwa ananiita hivyohivyo mpaka mwisho, "nasoma nini kila siku? Hiyo kitabu haina mwisho?" Nilimpenda kabla hajamaliza swali. Lakini nilimpenda vibaya kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeamini kwamba Mungu hatanisahau, ila yeye sikumwamini. Akienda kwao Masaka kuona ndugu zake, nilimpigia simu mpaka akakatisha safari. Siku moja alirudi, akaweka mfuko chini, akasema, "Zakalia, mimi sikukuacha kwa uani na beseni. Usinichunge kama mbuzi." Nilikuwa namlipisha jambo lililofanywa na mtu mwingine, na alikuwa amechoka. Nilimwomba msamaha siku hiyo, na nikajifunza kumwacha aende, na kila alipoenda nilikaa hapa na hofu yangu nikiisomea.

Wewe ulipokuwa unatambaa, simu ikalia. Sauti ya mwanamke mzee.

"Huyu ni mama ya Wafula," akasema. "Barasa ndiye amenipa namba."

Nikasema shikamoo. Akaniambia, "Siku ile nilikusahau. Wananiambia ulisimama pale uani. Sikukusikia. Nilifurahi mpaka nikakusahau, na ulipoondoka sikuuliza mpaka siku ya tatu. Nimekaa na hilo jambo muda mrefu. Sasa nauliza. Nilikuita Wafula msimu mzima. Wewe, jina lako nani?"

"Zakaria."

"Zakaria nani?"

"Zakaria Soko."

"Soko? Kwa nini?"

"Nilipatikana sokoni, Mama."

Akafikiri. "Vizuri," akasema. "Mtu haendi sokoni isipokuwa anataka kitu." Kisha akauliza, "Tuliishia wapi?"

Nikaleta Biblia yangu isiyo na jalada, nikamsomea swali, halafu nikamsomea jibu.

"Kumbe," akasema. "Kumbe anaweza. Nilikufungisha kitabu mapema." Halafu akasema, "Endelea."

Tangu hapo nikawa namsomea Jumapili mchana, na Wafula mwenyewe ndiye aliyekuwa anamshikia simu. Unamkumbuka Bibi wa Simu? Yule uliyekuwa ukimwimbia nyimbo za shule na kumwuliza lini atakuja? Ndiye huyo. Hatukuonana tena. Alinipenda kwa miaka iliyobaki kwa jina langu mwenyewe, kidogo, kwa umbali, kwa hali ya mtu aliyekwisha kupata mwanawe. Lilikuwa pendo dogo kuliko lile la kibarazani, lakini hili lilikuwa langu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo sikukuambia kwa kuwa ulikuwa na mtihani, na baadaye nikashindwa. Mama yako alipolazwa Mulago, siku za mwisho hakunitambua. Homa ilikuwa imempanda kichwani. Aliniita jina la kaka yake, akanilalamikia habari za ndizi za shamba la baba yao. Nikamjibu kama kaka yake. Nikamwambia ndizi zimevunwa zote, asiwe na wasiwasi. Kisha nikatoka nje kwenye ukumbi nikajishika ukutani, nikangoja lile shimo la Bungoma lifunguke chini yangu, maana mtu aliyenijua kuliko wote hapa duniani alikuwa ameshanisahau.

Halikufunguka. Nililia, mwanangu, nililia sana. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa. Lakini sikuwa nimepotea. Hayo ni mambo mawili, na mimi nilitumia nusu ya maisha yangu nikidhani ni jambo moja. Upweke unauma, na bado ninao. Biblia haikuniondolea, na atakayekuambia kwamba huondoa hajaisoma vizuri. Ila kupotea ni kutojua kama kuna yeyote anayejua uko wapi. Nilisimama kwenye ukumbi ule nikajua kwamba ninajulikana nilipo. Nikafuta uso, nikarudi kitandani, nikaendelea kuwa kaka yake mpaka alipolala.

Sasa umeelewa kwa nini sikujitafutia ukoo. Sikudharau koo za watu. Ningekuwa na wangu ningeutaja kwa fahari kwa kina Ronald, na nilitamani kuutaja, nilipoona uso wako. Lakini siwezi tena kuwa Wafula wa mtu. Kama ningemtajia yule shangazi muziro wa kuazima, wangekupokea, na ungekaa mezani kwao maisha yako yote ukijibu "kidogo."

Ronald akikupigia, hilo ni lako. Si kijana mbaya. Aliangalia viatu kwa aibu, si kwa dharau, nami nimewahi kuwa kijana asiyejua pa kuweka macho. Msikilize. Ila kama atakupenda, akupende Damari Soko. Ukijikuta unapunguza jina, unapunguza kicheko, unapunguza habari za baba yako ili uenee, basi kumbuka kwamba mimi nilienea vizuri sana, na hakuna aliyeona nilipotoka.

Sijakuwekea Biblia kwenye begi. Najua unayo kwenye simu, na najua huifungui siku hizi. Mimi niliwahi kunyweshwa uji kwa mistari, sitakufanyia hivyo. Siku ukiifungua, ifungue na hasira zako zote, ina nafasi. Soma polepole. Na usifunge kwenye swali.

Mwanza utasikia kila mtu anazungumza lugha ya baba yako, sokoni, kwenye maabara utakayofanyia kazi, kanisani, watoto barabarani. Nimewaza sana jambo hilo. Mimi nimeishi miongo hapa nikisema lugha ambayo wengi wanaijua kama lugha ya askari, na mwanangu anakwenda mahali ambapo ni lugha ya kumwambia mtoto alale.

Uliniambia nimekuzaa hewani. Siku uliyozaliwa nilikubeba, na kabla sijatazama unafanana na nani nilijua kwamba kwa mara ya kwanza nimemwona mtu wa damu yangu. Niliogopa hata kupumua. Sina mababu wa kukutajia zaidi ya hapo. Ukoo wetu unaanzia kwenye kiti cha plastiki cha hospitali, mimi na wewe, na Mungu ambaye wakati huo nilikuwa nimeshamwamini kwa kiasi cha kumwambia asante kwa sauti mbele ya manesi.

Sitajifanya kwamba sitaumia. Nitaumia. Nitapika chakula kingi mno kwa mtu mmoja, nitakitazama. Usiubebe upweke wangu ukaenda nao Mwanza, wala usinipigie kwa huruma. Nipige siku una la kusema, hata kama ni la kunigombeza.

Geti limelia. Nakuona dirishani, nywele zimekupendeza, zimekufanya kama mama yako ilhali hutaki kusikia hivyo. Umebeba mfuko wenye mafuta. Naona umeninunulia chapati za mayai. Sasa unavua viatu barazani. Umeita, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Jumapili ile: "Baba? Baba, uko?"

Niko, mwanangu. Niko.